Shahada na Jumamosi

Kazi yangu ya kwanza mpirani ilikuwa kupiga chokaa mistari ya Uwanja wa Moi, Kisumu. Baadaye nikapewa mlango, kisha ofisi yenyewe: barua, funguo na lawama. Chuo sikukanyaga. Vijana wenye shahada za usimamizi wa michezo walipoanza kuletwa kwangu, wenzangu walitarajia niwabeze. Ningewabezaje? Mmoja alinifafanulia Sheria ya Michezo ya 2013 kifungu kwa kifungu, na mimi nilikuwa nikijaza fomu zake bila kuisoma.

Kilichowashinda ni Jumamosi. Klabu ya Gor Mahia ikija kucheza huku, mtaa wa Kondele huanza kuimba asubuhi. Wakati huo polisi wawe wamekwisha kuijibu barua yako, na ambulansi iwe imeegeshwa, maana bila hiyo kamisaa wa mechi haruhusu mpira uanze. Msichana mmoja, hodari kuliko wote niliowapokea, aliniandalia mpango wa udhamini wa kurasa nyingi.

"Binti yangu," nikamuuliza, "dereva wa ambulansi ni nani?"

"Mzee, hospitali imesema watatuma."

"Nani aliyesema?"

Kimya. Nikampa simu yangu. Kufikia saa sita alikuwa anamjua dereva, zamu yake, na kibanda anachokula samaki kule Dunga.

Mpango wake niliusoma, na ulikuwa mzuri. Ila kampuni ya kamari ya SportPesa ilipojiondoa mwaka 2019, klabu za Gor Mahia na AFC Leopards zilibaki bila mdhamini, na swali likawa nauli ya basi la wachezaji. Hilo sikulikuta katika ukurasa wowote.

Simlaumu yeye. Vyuo vingi huwatoa wanafunzi kwa mafunzo ya kazini kati ya Mei na Agosti, na ligi yetu huisha karibu na Juni. Mara nyingi kijana anafika nyasi zinapumzishwa na mageti yamefungwa. Anapanga mafaili, anapigiwa muhuri kitabuni, anarudi bila kuona mechi hata moja. Niliomba waletwe Februari. Nikajibiwa kwamba kalenda haibadiliki.

Basi nikatangaza kwa mdomo tu: anayetaka aje Jumamosi yoyote ya ligi. Barua hakuna, muhuri hakuna, posho hakuna. Ugali na omena vipo. Wengi hawakuja. Wachache walipanda matatu kutoka Maseno kwa nauli yao, wakavaa vizibao, wakatukanwa mlangoni na mashabiki wasio na tiketi. Uwanja wa Jomo Kenyatta ulipofunguliwa Mamboleo mwaka 2021 na watu wakaanza kuniuliza nani anaweza kazi, nilitaja majina ya hao.