Jina la Rangi na Mzizi Wake

Lugha ya Kiswahili imeazima majina mengi ya rangi zake kwa mimea. Kijani chatoka katika majani, zambarau katika tunda, kahawia katika kahawa. Manjano yalikuwa mzizi wa jikoni kabla ya kuwa rangi. Na rangi ya chungwa haihitaji maelezo. Mgeni wa lugha hii aweza kudhani kwamba wazee waliotuachia maneno hayo walikuwa wakichovya nguo zao katika bustani. Sivyo. Majina hayo yalitolewa na jicho. Mkono wa mtiaji rangi ulikuwa na majina yake mengine, na baina ya mkono na jicho pana ugomvi mdogo ambao wanafunzi wa lugha hawauangalii sana.

Tazama kijani. Hapana rangi iliyo nyingi zaidi mbele ya mkulima, wala hapana iliyo ngumu zaidi kupatikana katika sufuria. Ukijani wa jani huharibika kwa moto na kwa jua. Kitambaa kilichochemshwa pamoja na majani mabichi hutoka na sura ya majani makavu. Aliyetaka nguo ya kijani kutoka katika mimea aliitia rangi ya manjano, akaichovya na katika nili, rangi moja juu ya nyingine. Zambarau nayo hudanganya. Maji yake hupendeza siku ya kwanza, huwa mekundu yakitiwa ndimu, hugeuka tena yakitiwa magadi, na nguo ikifuliwa mara chache na kuanikwa juani, rangi huaga. Hata manjano, ambayo huingia katika pamba upesi sana, hulikimbia jua. Lakini mdaa, ambao haukupata heshima ya kuwa jina la rangi, ndio ulioaminiwa na wasusi wa mikeka: mizizi yake ilichemshwa pamoja na chane za ukindu mpaka zikawa nyeusi. Gome la mkoko, liitwalo mkaka, lilitoa wekundu. Maneno haya yamo katika kamusi, na kijana aweza kupata shahada ya Kiswahili bila kuyasikia hata mara moja.

Sababu yajulikana. Mwaka 1856 William Henry Perkin, kijana wa miaka 18 mjini London, alijaribu kutengeneza kwinini akapata rangi ya urujuani. Mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili isiyotoka shambani. Baadaye unga wa rangi ulifika katika maduka ya pwani, na msusi hakulazimika tena kushika jembe kwenda kuchimba mizizi porini. Si haki kumlaumu. Mgongo wake ulikuwa wake.

Binti mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikwenda kwa bibi yake katika kijiji kimoja cha Muheza, mkoani Tanga, kutafuta maneno ya watiaji rangi. Alichukua daftari. Alichukua pia vipande vya marekani, kwa kuwa alikuwa amesoma habari za India Flint wa Australia, mwandishi wa kitabu kilichotoka mwaka 2008, aliyeeleza namna ya kuchapa majani ya mkaratusi juu ya nguo.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Vitambaa hivyo vya nini?”

Bibi alielezwa, akasikiliza kwa adabu ile ambayo wazee huwapa watoto waliosoma. Alipoombwa majina alijibu, “Ukipewa jina bila mzizi, utachovya nini?” Akataka kazi ianze kwanza.

Ilikuwa kiangazi. Binti alifua vitambaa ili kuondoa wanga wa kiwandani, akaviloweka katika maji ya shabu, kwa maana pamba haishiki rangi nyingi za mimea mpaka ipewe kitu cha kuzishikia. Akaokota majani ya mtiki, mti ambao Kiswahili cha zamani hukiita msaji, akayapanga juu ya kitambaa, akakizungusha juu ya kijiti, akakifunga kwa uzi mpaka vidole vikamwuma, kisha akakiweka juu ya mvuke muda wa saa mbili. Kilipofunguliwa palikuwa na madoa hafifu mfano wa chai iliyomwagika.

“Umeyaokota chini,” bibi akasema. “Mti hauachi jani mpaka umekwisha kulinyonya. Rudi mvua zikinyesha.”

Alirudi. Mtiki ulikuwa umechipua, na bibi aliomba jani changa moja, akalisugua katika kiganja chake. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho kwa miaka kadhaa, hata nyekundu na nyeusi kwake zilikuwa kivuli kimoja. Akaunyosha mkono.

“Kiganja changu kimekuwaje?”

“Chekundu, bibi. Kama damu.”

“Basi yachume.”

Safari hii majani mengine yalichovywa katika maji yaliyolazwa misumari yenye kutu, na hayo yakaacha alama za kijivu iliyokoza, kwa kuwa chuma hugeuza giza kile kikali kilichomo katika majani na magome. Mengine yalitoa wekundu wenye kuelekea urujuani, na mishipa ya jani ikaonekana yote. Bibi alipapasa kitambaa kana kwamba alama zina kimo. Akauliza ni upande gani uliopendeza. Binti alisita, kisha akamwekea vidole juu ya jani moja, akamweleza umbo lake polepole, mshipa kwa mshipa, na hapo bibi akaanza kutaja majina.

Alitaja tisa. Alitaja na mahali: nyuma ya kisima, kando ya njia ya mashamba, kwenye kichaka cha fulani. Kwa siku mbili binti alikwenda alikoelekezwa, akimletea majani ayaguse na kuyanusa. Kichaka kimoja kilikuwa kimekwisha fyekwa, na juu yake pamejengwa nyumba ya matofali. Katika daftari, mbele ya majina sita, yamebandikwa majani sita. Matatu yaliyobaki yana nafasi iliyoachwa, na mwandiko wa penseli unaosema kuulizwa tena vuli.