Komeo

Muuguzi mmoja wa hapa kwetu Tanga aliniletea daftari la mashairi yake nimrekebishie vina na mizani. Kuletewa daftari si jambo geni kwangu. Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, na tangu nistaafu hapiti mwezi bila kijana kubisha hodi na karatasi zake. Safari hii ugeni ulikuwa katika kazi ya mleta daftari. Huyu ni mtoa ushauri nasaha, na miaka minne iliyopita nilikaa mbele yake, Jumatano baada ya Jumatano, kwa muda wa miezi mitano.

Nilikwenda kwake baada ya mwanangu wa kiume kufa katika ajali ya bodaboda. Usingizi ulinikimbia. Nilikuwa nikishika kitabu, macho yanapita juu ya maneno, hakuna kinachoingia. Daktari alinipima shinikizo la damu, akaniambia kuna sista katika chumba cha mwisho, niende nikazungumze naye. Nilichukia. Mtu mzima, tena mwalimu, akazungumze nini na mtu asiyemjua? Hata hivyo nilikwenda, nikazungumza.

Yeye hakuanzia kwenye vitabu vya saikolojia. Alikuwa muuguzi wa wodi, akafunzwa ushauri nasaha katika zile siku ambazo UKIMWI ulikuwa ukijaza vitanda na mtu akihitaji kuambiwa majibu ya damu yake na binadamu anayejua kunyamaza. Baadaye alirudi masomoni kwa ajili ya afya ya akili. Aliniambia kwamba ushairi ulianza wodini, zamu za usiku, kwa sababu alikuwa akisikia maneno asiyoweza kuyapeleka nyumbani wala kuyaacha pale.

Tangu hapo nimekuwa nikiwatazama kwa jicho jingine matabibu wa nafsi wanaoandika. (Nasema tabibu wa nafsi kwa kuwa mwanasaikolojia ni neno pana mno, na daktari wa magonjwa ya akili huwatia watu hofu kabla hawajafika mlangoni.) Aghalabu hao walitoka kwingine kabla ya kufika hapo. Sigmund Freud alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu. Akiwa mwanafunzi alipelekwa Trieste kuwapasua mikunga ili atafute korodani zao. Donald Winnicott alikuwa daktari wa watoto katika hospitali moja ya London kwa takriban miaka arobaini. Erik Erikson alikuwa mchoraji aliyetangatanga Ulaya, kisha mwalimu wa shule ndogo mjini Vienna, na kitabu chake juu ya Gandhi kilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1970. Irvin Yalom, daktari wa akili wa Chuo Kikuu cha Stanford, alianza kwa kitabu cha kiada juu ya tiba ya vikundi, akaishia kuandika riwaya.

Nikisoma kazi zao naiona ile kazi ya kwanza ikichungulia. Katika Winnicott unamwona mama amempakata mtoto mchanga hata pale mwandishi anapozungumzia watu wazima. Na Freud mwenyewe alilalamika, katika kitabu alichokiandika pamoja na Josef Breuer mwaka 1895, kwamba maelezo yake ya wagonjwa yanasomeka kama hadithi fupi, wakati yeye alilelewa katika sayansi. Nadhani hakuwa akilalamika kwa moyo wote. Mwaka 1930 mji wa Frankfurt ulimpa tuzo ya Goethe, naye aliipokea.

Hapa sisi wa lugha tuna jambo la kujifunza. Freud aliandika Kijerumani cha nyumbani. Alipotaka kuitaja ile sehemu ya nafsi inayojitambua alisema Ich, neno ambalo mtoto wa Vienna hulitamka tangu asubuhi, yaani mimi. Mfasiri wake wa Kiingereza, James Strachey, akalivika joho la Kilatini, likawa ego, na sisi tukalipokea likiwa na joho hilo hilo. Miaka mingi baadaye Adam Phillips, aliyesoma fasihi ya Kiingereza Oxford kabla ya kuwa tabibu wa nafsi za watoto, alikabidhiwa kusimamia tafsiri mpya za Freud, akawapa kazi hiyo wafasiri wa fasihi. Ningependa siku moja wafasiri wetu waanzie pale kwenye mimi. Tuna moyo, nafsi, roho, mtima. Tuna ini pia, na washairi wetu wa kale walipolitaja ini hawakukusudia lile linaloning'inia buchani.

Frantz Fanon ndiye ninayemrudia zaidi. Alizaliwa Martinique, akasomea udaktari wa akili Lyon, na mwaka 1953 akaenda kufanya kazi katika hospitali ya Blida-Joinville, Algeria. Wagonjwa wengi walizungumza Kiarabu au Kikabilia, yeye hakukijua hiki wala kile, hivyo maumivu yao yalimfikia kupitia mkalimani. Alijiuzulu mwaka 1956. Kitabu chake cha mwisho, ambacho Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga walikitafsiri kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa, wengi wetu tulikisoma kama kitabu cha siasa. Lakini sura inayotangulia hitimisho ni ya daktari: anaeleza wagonjwa wa vita, mmoja baada ya mwingine, akiwamo polisi wa Kizungu aliyewatesa watu kazini kisha akawapiga mkewe na watoto wake nyumbani. Sidhani mwanasiasa asiyepata kuketi na mtu wa namna hiyo angeweza kuiandika.

Lakini yule polisi je? Aliulizwa? Na Dora, binti wa Vienna ambaye Freud alichapisha habari zake mwaka 1905? Freud alikiri waziwazi katika dibaji kwamba hakumwomba ruhusa, kwa hoja kwamba angeombwa asingekubali. Jina alilibadilisha. Yalom anasema aliwaomba ruhusa watu aliowaandika, na akawabadili sura. Zamani swali hili kwangu lilikuwa la mjadala tu.

Katika ukurasa wa kumi na moja wa daftari kuna shairi la tarbia linalomhusu bibi kizee wa kisiwani, mvuvi wake hakurudi. Ubeti wa nne unaanza hivi:

Komeo silitii tena, mwana hurudi usiku

Nililiweka daftari chini. Miaka minne iliyopita, Jumatano ya tatu au ya nne, nilimwambia sista kwamba kila usiku, mke wangu akishalala, naamka kwenda kulifungua komeo la mlango wa mbele, kwa sababu mwanangu alikuwa na tabia ya kuchelewa. Hakuna mwingine niliyemwambia. Mke wangu sikumwambia.

Alipokuja kulichukua daftari nilimuuliza, "Sista, bibi huyu ni mimi?"

Akainama. "Ni wewe, Mwalimu. Nimelileta ili nikuulize, nikashindwa kuanza. Ukisema niuchane, nauchana hapa hapa."

Nilimwomba wiki moja. Nilikasirika siku mbili, sitaficha. Siku ya tatu niligundua kwamba nilikuwa nikiusoma ule ubeti kila baada ya chakula cha mchana, na kwamba alichokiandika ni sahihi kuliko nilivyokisema mimi. Mimi nilikisema kama mtu anayekiri wizi. Usiku wa Alhamisi nilimsomea mke wangu shairi zima, bila kumwambia bibi ni nani. Nilipofika kwenye ubeti wa nne alinizuia kwa mkono.

"Nilidhani ni mimi ninayesahau," alisema. "Miaka yote hii. Naamka alfajiri nalikuta wazi, nasema uzee huu."

Hatukulala mapema usiku ule.

Jumatano nilimrudishia sista daftari, nikamwambia shairi libaki, ila kipande kile cha kwanza kina mizani tisa: ko-me-o-si-li-ti-i-te-na. Aondoe li, zitabaki nane. Alisita. Alisema bila li lile si komeo la mtu fulani tena, linakuwa komeo lolote. Nikamwambia ndivyo, na ndiyo sababu. Akachukua kalamu ya risasi, akakata. Mashairi kumi na manne yaliyobaki bado sijayapitia. Mengine vina vyake vya kati vimeharibika vibaya, na nimemwahidi kuyamaliza kabla ya mwisho wa mwezi.