Matango ya Wakorea na Haki ya Jirani

Chakula ni neema, na kila taifa Mwenyezi Mungu amelijaalia namna yake ya kukitengeneza. Sisi watu wa pwani tuna kachumbari yetu, na watu wa Korea, walioko mbali mashariki ya Asia, wana vitoweo vidogo vidogo vingi ambavyo havikosekani mezani kwao asubuhi, mchana wala jioni. Vitoweo hivyo huitwa banchan. Hupakuliwa katika visahani, vikawekwa katikati, na kila aliyeketi akajichotea kwa vijiti huku akila wali na supu yake. Kimojawapo ni tango lililotiwa chumvi, pilipili, kitunguu saumu na ufuta, nacho huitwa oi-muchim. Oi maana yake ni tango, na muchim ni kitu kilichochanganywa na viungo. Twapenda leo kuwaeleza wasomaji wetu jinsi ya kukitengeneza kitoweo hicho nyumbani, na pamoja na hayo tuwaeleze jambo tulilojifunza kwa sababu yake, ambalo kwetu lina uzito kuliko tango lenyewe.

Sisi, mume na mke, tulikaa Seoul, mji mkuu wa Korea ya Kusini, kwa muda wa miaka 2 kwa ajili ya masomo. Waislamu katika nchi hiyo ni wachache sana. Uislamu ulipata mizizi huko khasa baada ya vita vya Korea vya mwaka 1950 hadi 1953, kwani katika majeshi yaliyokwenda kupigana chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa walikuwamo askari wa Kituruki, na pamoja nao walikuwako maimamu, na baadhi ya Wakorea wakasilimu mikononi mwao. Msikiti mkubwa wa Seoul, ulioko juu ya kilima upande wa Itaewon, ulifunguliwa mwaka 1976 katika ardhi iliyotolewa na serikali ya nchi hiyo. Karibu yake yako maduka ya nyama ya halali, na siku ya Ijumaa utaona huko watu wa kila rangi na kila lugha. Lakini ukishateremka kilima hicho, umo katikati ya watu ambao aghalabu hawaijui halali yako wala haramu yako. Nyama ya nguruwe ni chakula chao cha kawaida, na pombe hutiwa hata katika mapishi ambayo mgeni hawezi kuidhania.

Katika hali kama hiyo mtu hujiwa na njia mbili. Ya kwanza ni kula kila anachopewa na kujisemea kwamba huu ni ugenini. Ya pili ni kufunga mlango na kurudisha kila sahani inayoletwa. Njia ya kwanza humharibia mtu dini yake. Njia ya pili humharibia ujirani, na jirani ana haki yake katika dini yetu, hata akiwa si Mwislamu. Je, hapana njia ya tatu? Iko, na sisi tulionyeshwa na bibi mmoja wa Kikorea aliyekuwa akikaa chini ya ghorofa yetu.

Bibi huyo alikuwa mtu mzima, mjane, na watoto wake wamekwisha kuolewa na kwenda zao. Siku moja ya mwezi wa Julai, wakati wa mvua zao za kiangazi ambapo joto na unyevu hukutana hata jasho lisimkauke mtu, alipanda ngazi akabisha mlango, mkononi ana bakuli la matango mekundu kwa pilipili. Tulilipokea kwa mikono miwili, kama desturi ya huko inavyotaka mtu apokeapo kitu kwa aliyemzidi umri. Kisha tukamkaribisha ndani, tukamwambia kwa adabu:

"Bibi, tunakushukuru sana, na tunatamani kuyala. Lakini dini yetu imetukataza pombe na nyama ya nguruwe. Tafadhali tuambie, umeyatia nini?"

Twakiri kwamba moyo ulitudunda tulipouliza, kwa kuwa sahani ya jirani si bidhaa ya dukani hata ukaikagua mbele ya mwenyewe. Lakini yeye hakukasirika. Alinyamaza kidogo, akateremka kwake, akarudi amekumbatia chupa zake zote za jikoni, akazipanga juu ya meza, nasi tukaanza kuzisoma pamoja moja baada ya moja, yeye amevaa miwani. Katika chupa ya sosi ya soya tukakuta neno jujeong, maana yake ni kileo kilichotiwa na watengenezaji ili sosi isiharibike upesi. Bibi alishangaa kuliko sisi. Akasema kwamba ameitumia sosi hiyo maisha yake yote na hajapata kuligeuza karatasi lake akalisoma.

"Wanangu," akasema, "anayeuliza ni yule anayetaka kula. Asiyetaka hupokea, akashukuru, akaenda akamwaga. Nipeni matango mengine."

Bakuli lile akalirudisha kwake liwe chakula chake cha jioni, kisha akasimama jikoni kwetu akaanza upya, kwa chumvi tupu bila ya sosi. Ndivyo tulivyojifunza, na hivi ndivyo alivyofanya.

Chukua matango 2 ya kiasi, membamba na yenye mbegu changa, yote yapate kama nusu kilo. Yaoshe, wala usiyamenye ikiwa ngozi yake ni laini. Ikiwa ni yale makubwa ya kwetu yenye ngozi ngumu, yamenye kwa milia, yapasue, na uyakwangue mbegu kwa kijiko. Kisha yakate vipande vya mviringo vyenye unene wa nusu sentimita. Usivikate vyembamba kama vya kachumbari, kwani vitalegea. Viweke katika bakuli, nyunyizia kijiko 1 cha chai cha chumvi, geuzageuza kwa mkono ili chumvi ifike kila mahali, halafu uache kwa muda wa dakika 20 hadi 30.

Muda huo ndio roho ya kazi nzima. Tango karibu lote ni maji, na chumvi huyavuta maji hayo yakatoka nje, likabaki tango lenye kukaza na lenye mlio menoni. Mwenye haraka akitia viungo kabla ya maji kutoka, maji hayo yatatokea mezani, na viungo vyote vitaogelea chini ya sahani. Dakika hizo zikiisha utaona maji yamejaa chini ya bakuli. Yamwage, kisha vikamue vipande kwa viganja viwili, kwa upole bila ya kuviponda. Onja kimoja. Ukiona chumvi imezidi, suuza mara moja kwa maji baridi na ukamue tena.

Sasa tia viungo: punje 2 za kitunguu saumu zilizopondwa, miche 2 ya vitunguu vya majani iliyokatwa ndogo ndogo, kijiko 1 cha chakula cha pilipili ya Kikorea, kijiko 1 cha chakula cha siki, na kijiko 1 cha chai cha sukari. Changanya kwa vidole, vyepesi vyepesi, kama mtu anayechambua mchele. Wakorea wana neno lao, son-mat, yaani ladha ya mkono, na kwa neno hilo husifu mapishi ya mama ambayo hayapimwi kwa vijiko. Mwisho kabisa tia kijiko 1 cha chai cha mafuta ya ufuta, na ufuta wenyewe kijiko 1 cha chakula, uliokaangwa mkavu hata ukanukia. Mafuta huja mwisho kwa sababu yakitangulia hulifunika tango, na chumvi na siki zisipate njia ya kuingia. Kitoweo hiki huliwa papo hapo kingali baridi. Kikilala hakidhuru, lakini hutoa maji tena na kupoteza mlio wake.

Pengine msomaji atauliza, pilipili ya Kikorea ataipata wapi? Huko huitwa gochugaru. Ni pilipili ndefu nyekundu iliyokaushwa, ikatolewa mbegu, ikasagwa kwa chembe kubwa. Rangi yake ni kali kuliko ukali wake. Asiyeipata achukue pilipili kubwa nyekundu zilizokauka, atoe mbegu, azitwange katika kinu bila ya kuzifanya unga. Lakini asitumie pilipili kichaa kwa kipimo kile kile, maana wageni watalia machozi kabla ya kusema bismillahi. Kwa hiyo, nusu ya kijiko cha chai yatosha.

Na hapa pana jambo la kuzingatia. Watu hudhani kwamba Wakorea wamekula pilipili tangu zama za kale, na sivyo. Asili ya pilipili ni Amerika, na mabaharia wa Kireno ni katika walioisambaza katika bandari za Asia na za Afrika. Iliingia Korea karibu na mwisho wa karne ya 16, na mwanachuoni wao Yi Su-gwang, katika kitabu chake Jibong yuseol cha mwaka 1614, aliitaja kuwa ni kitu kilichotoka Japani. Kabla ya hapo matango yao yalikuwa meupe, kwa chumvi na viungo vingine. Basi kitu ambacho leo kinahesabiwa kuwa alama ya Korea kilikuwa mgeni aliyepokewa, akapewa nafasi, akawa mwenyeji. Nasi katika pwani yetu pilipili hiyo hiyo ilifika kwa njia ya bahari, na leo nani awezaye kuifikiria meza yetu bila ya pilipili?

Ama tango, sisi Waislamu si wageni nalo. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, kutoka kwa Abdallah bin Jaafar, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, kwamba alimwona Mtume, rehema na amani zimshukie, akila tende mbichi pamoja na matango. Na siki pia alipata kuisifu kuwa ni kitoweo chema, pale alipowauliza watu wa nyumbani kwake wana kitoweo gani, nao hawakuwa na kingine. Basi mwenye kuweka mezani tango na siki ameweka vitu ambavyo Mtume mwenyewe alivila.

Tahadhari inayobaki ni ya chupa. Mapishi mengi ya oi-muchim yanayoenea siku hizi hutaja sosi ya soya, na mengine huongeza gochujang, yaani uji mzito wa pilipili uliochachushwa, au mvinyo wa kupikia. Huo wa mwisho jina lake latosha. Sosi na gochujang mara nyingi hutiwa kileo kiwandani, na ziko pia zisizotiwa, na nyingine zina alama ya halali. Huko Korea shirika la Waislamu wa nchi hiyo lina kamati yake inayotoa hati hizo. Hukumu ya kila kimoja tunawaachia masheikh wetu, wao ndio wenye elimu nayo. Sisi twasema neno la jikoni tu: kitoweo hiki hakikosi kitu ukikitengeneza kwa chumvi. Ikiwa iko njia nyepesi ya kuondoka katika shaka, nayo ni tamu, kwa nini mtu aiache?

Tangu siku ile bibi yetu alitenga chupa 1 ya sosi isiyo na kileo, akaifunga uzi mwekundu shingoni, akasema hiyo ni ya watoto wa juu. Kila alipotuletea kitu alituonyesha kwanza uzi ule. Nasi siku ya Idi tulimpelekea pilau na kachumbari, akaila kachumbari kwanza, akauliza kwa nini hatukuyakamua matango. Tukacheka sote.

Ndugu zetu mnaokaa ugenini, na nyinyi mnaokaa kwenu mkipokea wageni wa dini nyingine, msione haya kuuliza, wala msimwonee jirani kwa kumdhania ubaya kabla ya kumwuliza. Swali lililoulizwa kwa adabu haliudhi. Humfundisha jirani kile tunachokiamini kuliko mawaidha marefu, na humpa nafasi ya kututendea wema kwa namna tunayoweza kuupokea. Dini yetu imetuamuru tule kilicho kizuri cha halali, na imetuamuru tumkirimu jirani. Amri hizi mbili hazigombani, zikipata mtu wa kuuliza kwa upole na mtu wa kujibu kwa moyo safi.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika riziki zetu, na atujaalie majirani wema, na atujaalie sisi tuwe majirani wema kwao. Amin.