Kutua Kilindoni Wakati wa Kusi

Ukitoka Dar es Salaam kwa ndege ndogo, haupiti muda mrefu ila utaiona delta ya Rufiji, kisha mlango wa bahari, kisha minazi ya Mafia. Hapo ndipo moyo huanza kudunda, hasa miezi ya Kusi.

Siku niliyosafiri mimi, magurudumu yalikaribia kugusa lami ya Kilindoni pale ndege ilipozama ghafla, mfano wa ngalawa iliyopokwa upepo. Upepo wa mbele husaidia mabawa kuibeba ndege. Ukikatika ghafla juu ya minazi, ndege hushuka. Mwaka 1985 upepo wa dhoruba uliogeuka hivyo uliangusha ndege kubwa huko Dallas, Marekani, wakafa watu zaidi ya 130.

Rubani wetu hakushindana nao. Kwanza alipaa tena. Kisha ndipo akamwarifu mwongoza ndege kwa redio, ili wanaofuata nyuma waonywe. Abiria mmoja alinung'unika kwamba anacheleweshwa mazishini. Hakujibiwa. Tulizunguka juu ya bahari, tukarudi, tukatua salama, na bwana yule akawa wa kwanza kushuka.