Kabla Hujang'oa, Kwaruza Kwanza

Mama mkwe alisimama mlangoni, akaliangalia tuta langu la maua, akauliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, haya yanaliwa?"

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze! Na kwa udongo mweusi wa mbuga huku Mwamanyili, kiangazi ardhi hupasuka kweli.

Tulikuwa na wiki chache tu tangu tuhame Mwanza mjini. Mume wangu alipunguzwa kazini, akiba ikaisha, mwenye nyumba akaanza kugonga mlango. Tukarudi kwao, wilayani Busega mkoani Simiyu, si mbali na Ghuba ya Speke. Mimi niliyezoea saluni na chipsi mayai nikajikuta nabeba madumu ya maji. Mimi na mwenzangu tukabaki na mazungumzo mawili tu: hela na maji.

Cha kwangu mwenyewe nilichokuja nacho kilikuwa kopo la vipandikizi vya salvia, nilivyopewa na mzee mmoja muuza miche. Kulikuwa na nyekundu, ambayo kitaalamu ni Salvia coccinea, na ya buluu, Salvia farinacea. Ni ndugu wa mnanaa na mrehani: shina lina pembe nne, na ukifikicha jani linanukia.

Kasheshe ikaanza hapo. Nilipanda moja kwa moja kwenye ule udongo mweusi, kisha nikamwagilia asubuhi na jioni, kama mtu anayempigia mpenzi wake simu kila baada ya dakika tano. Mvua za vuli nazo zikaongezea. Mizizi ikaoza. "Yaani maji ya kunywa unamwagia majani?" mume wangu akafoka. Usiku ule tulilala mzungu wa nne.

Miche mitatu ilipona, nikaanza upya. Nilikata matawi yasiyo na maua, urefu wa kidole, nikaondoa majani ya chini, nikayachomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Baada ya wiki tatu hivi yalikuwa na mizizi. Safari hii niliinua tuta, nikachanganya mchanga mwingi na samadi kidogo iliyooza vizuri, maana samadi ikizidi salvia huota majani na kusahau maua. Jua inalitaka kwa saa sita au zaidi kwa siku, na huku jua ni la bure. Maji niliyooshea mboga yakatosha.

Kufika Aprili, tuta lilikuwa linawaka! Kwao Mexico maua haya mekundu hutembelewa na ndege wadogo wavumao. Huku kazi hiyo wameichukua chozi. Mbuzi wa jirani walinusa tu wakapita.

Kisha kiangazi kikaingia. Kufika Agosti majani yalikuwa yamepukutika, mashina yamekauka kama kuni. Na sisi ndani hivyo hivyo. Jioni moja tuligombana kwa ajili ya sabuni ya kufulia, sabuni tu! Nikafunga begi langu, nikaliweka nyuma ya mlango.

Asubuhi nilimkuta kwenye tuta, jembe mkononi.

"Yamekufa haya, mke wangu. Bora nipande mchicha."

"Subiri kwanza."

Nikachuchumaa, nikakwaruza shina kwa ukucha. Chini ya gamba kulikuwa na kijani kibichi. Akachuchumaa naye, akakwaruza jingine. Kijani.

"Kumbe," akasema. Akaweka jembe chini. Tukakaa pale pale kwenye vumbi, akanieleza jambo ambalo hakuwahi kulisema tangu apoteze kazi: kila akiniona na dumu kichwani, anaona aibu, ndiyo maana hanitazami. Mimi miezi yote nilidhani amenichoka.

Tulikata mashina pamoja, tukaacha kama shubiri moja juu ya ardhi, pale penye macho ya kuchipua. Tukamwagilia mara moja kwa wiki. Mchana nikalifungua begi.

Mvua za Novemba zilipokuja, kila shina tuliloliacha lilichipua. Ulaya wakisema ua ni sugu, wanamaanisha linavumilia barafu. Huku kwetu mtihani ni kiangazi, na sugu si lile lisilokauka kamwe. Ni lile ambalo mzizi wake bado uko hai wakati juu hakuna cha kutazama.

Siku hizi nusu ya tuta ni mchicha, nusu ni salvia. Mama mkwe huja kuchuma mboga jioni. Juzi nilimkuta amesimama na kikapu kitupu, anamwangalia chozi, mboga amezisahau. Sikumuuliza kama chozi analiwa.

Kama na wewe, msomaji, umeshika jembe, sikwambii usilime. Mengine yamekufa kweli, na hayo ng'oa. Ila chuchumaa kwanza, ukwaruze.