Meno mawili ya mbele

Wanaonisikia asubuhi wameniuliza mara nyingi, sokoni, kanisani, hata kwenye matanga: "Mama wa radio, ile miezi sauti yako ilikuwa na nini?" Wengine walidhani ni mashini ya studio. Mmoja alisema nilikuwa nimekunywa. Nitaeleza hapa mara moja, kwa sababu hewani ninapewa dakika tatu, na bei ya unga peke yake inakula mbili.

Ilikuwa msimu wa mvua, miaka miwili iliyopita. Nilikuwa nimetoka kuchukua maneno ya wakaaji wa Kakontwe juu ya mtaro ulioziba, nikapanda pikipiki kurudi mjini. Lori moja lenye mzigo lilitupita karibu mno. Kijana akakwepa, gurudumu likaingia katika shimo lililojaa maji. Niliangukia mdomo. Mkono mmoja ulikuwa umekumbatia rekoda, na rekoda ilipona.

Meno mawili ya juu, la katikati upande wa kushoto na jirani yake, yalitoka mazima pamoja na mizizi. Kijana wa pikipiki, naye goti limechunika, alipapasa ndani ya matope mpaka akapata moja. "Yaya, moja nimepata, iko hapa." Alilifuta vizuri na shati lake, akalifunga ndani ya karatasi kavu, akanitilia mfukoni. Alifanya kwa roho safi, na mpaka leo namshukuru. Lakini ni hapo jino lilipokufa, na yeye na mimi hatukuwa tumefundishwa na mtu.

Neno hili ningependa kila mzazi, kila mwalimu na kila mtu wa pikipiki alijue, kwa hiyo nitakaa juu yake kidogo. Mzizi wa jino umevikwa utando mwembamba wenye nyuzi hai. Nyuzi hizo ndizo zinazolishika jino katika mfupa. Zikikaa kavu kiasi cha saa moja zinakufa, na ukizifuta na nguo unaziondoa kabisa. Basi jino la mtu mzima likitoka zima, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Kama lina matope, lisuuze kidogo na maziwa au maji safi, bila kusugua. Halafu, kama aliyeumia ana fahamu zake, lirudishe pale pale katika tundu lake, aume kitambaa safi taratibu, mwende haraka kwa munganga wa meno. Unaogopa kulirudisha? Litie ndani ya maziwa. Hakuna maziwa? Atemee mate yake ndani ya kikombe kidogo, jino likae humo. Maji yanafaa kusuuza tu, usiliache ndani yake, kwa maana yanaharibu zile nyuzi. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Munganga atalifunga na meno ya jirani kwa waya mwembamba, kwa kawaida majuma mawili hivi, na linaweza kushika tena. Ila jino la utoto halirudishwi, lisije likaumiza lile la ukubwani linalongojea chini yake.

Mimi nilifika kwenye kituo cha afya karibu saa tatu baadaye, mvua ikiwa bado inanyesha. Muuguzi alinishona mdomo vizuri sana, kovu utalitafuta usilione. Jino lilikuwa limekauka kama mbegu ya boga.

Watu wanafikiri kupoteza meno ya mbele ni habari ya uso na picha za arusi. Kwangu ilikuwa habari ya herufi F na V. Jaribu wewe msomaji, sema "fa" polepole. Mdomo wa chini unapanda kugusa meno ya juu, pumzi inapita katikati. Sasa ondoa meno. Lufira ikawa "Luhira", Fungurume ikawa kitu ambacho hata mimi sikukitambua, na S zote zilipiga mluzi. Kwetu mwandishi analipwa kwa ripoti iliyopita hewani. Mkubwa wangu alinitoa kwenye maikrofoni kwa upole, akasema niandike, wengine wasome. Miezi mitatu niliandika na mwingine akasoma, na makuta ya kusoma yalikwenda kwake, ndiyo haki.

Siku walipokosa msomaji nilirudishwa, nikaanza kuandika kwa kukwepa herufi. Badala ya kusema Lufira nilisema "ule mto wa Mwadingusha". Badala ya fedha, makuta. Badala ya wafanyakazi, watu wa kazi. Nilikuwa hodari wa mchezo huo mpaka siku ilipokuja habari ya waziri wa afya kutembelea waathirika wa mafuriko. Hakuna pa kupita hapo.

Majirani zetu Watonga wa Zambia zamani waling'oa meno ya mbele ya juu kwa kusudi, ilikuwa desturi na ni uzuri, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Lakini wao hawakulazimika kusoma habari kwa Kifaransa saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Meno ya kwanza ya bandia nilitengenezewa hapa hapa Likasi. Ni kipande cha rezini chenye rangi ya ufizi, kinakaa kwenye dari ya mdomo, na meno mawili mbele, vikulabu viwili vya waya vinashika meno ya pembeni. Juma la kwanza mate yalijaa mdomoni kama mtoto anayeota meno. Kila jioni niliwasomea watoto wangu gazeti kwa sauti, nao wakanyoosha kidole kila nilipoteleza. Baada ya siku kumi na tano F ilirudi. Usiku unakitoa, unakipiga mswaki, unakilaza ndani ya maji. Bukari haina matata nacho. Sombe inaingia chini yake. Muwa na mahindi ya kuchoma niliacha, na hiyo naihesabu kati ya huzuni za maisha yangu.

Nasema wazi kwamba kipande hicho kilinirudishia kazi. Kuna watu wanakidharau, wanasema ni meno ya wazee. Mimi nilikula na nikalipa shule kwa hicho.

Ila baada ya mwaka kikaanza kucheza. Nilipokohoa hewani kilishuka. Fundi alikaza vikulabu mara mbili, kikalegea tena. Ndipo nilipokwenda Lubumbashi, kilomita kama 120, kwa munganga wa meno ambaye alinipiga picha ya radio (ndiyo, mtangazaji wa radio amepigwa radio, wenzangu wamecheka vya kutosha). Aliiweka picha kwenye mwanga akanionyesha na kalamu. "Mama, meno si shida. Mufupa ndio iko najimaliza."

Hilo sikuwa nimewahi kulisikia. Mfupa wa taya unaoshika jino unaishi kwa kazi. Kila ukitafuna, mzizi unausukuma kidogo, nao unajua bado unahitajiwa. Mzizi ukiondoka, mwili unaanza kubeba ule mfupa kidogo kidogo, kama watu wanavyobomoa nyumba isiyo na mwenyewe. Sehemu kubwa inakwenda katika mwaka wa kwanza. Upana wa mfupa pale mahali unaweza kupungua karibu nusu katika miezi 12. Kipande cha rezini kinalala juu ya ufizi tu, hakiingii ndani, kwa hiyo hakizuii kitu. Hakikuwa kimepanuka. Mimi ndiye niliyepungua chini yake.

Jirani yangu aliposikia alinishauri kula udongo mweupe ule wanaouza sokoni, tena akasema sisi wa Kakontwe tunakaa juu ya jiwe la chokaa, mifupa itakosaje? Munganga alicheka mpaka akavua miwani. Chokaa ya kula haijui njia ya kwenda kwenye tundu la jino.

Kinachoingia katika mfupa ni implanti. Ni skrubu ndogo ya titani inayopandwa mahali pa mzizi. Ufizi unafungwa, unangojea miezi mitatu hata sita mfupa uikumbatie, halafu juu yake linawekwa jino. Kwamba mfupa unakubali titani kiasi hicho, aliliona Msweden mmoja, Per-Ingvar Brånemark, mwaka 1952 huko Lund, na hata hakuwa akitafuta meno. Alikuwa amepachika kifaa kidogo cha titani katika mfupa wa mguu wa sungura ili aangalie damu inavyopita. Alipotaka kukitoa kwa kazi nyingine, kilikuwa kimeshikana na mfupa, hakitoki. Mwaka 1965 alimpandia mtu wa kwanza, Gösta Larsson, aliyekuwa hana meno taya ya chini. Larsson alikufa mwaka 2006, na implanti zake zikiwa bado mdomoni. Miaka zaidi ya 40! Sijui kiatu, redio wala ndoa ngapi zinazofikia hapo.

Munganga hakuniuzia ndoto. Alisema implanti nyingi, zaidi ya tisa katika kumi, zinakuwa bado ziko baada ya miaka kumi, lakini kwa mtu anayezitunza. Mvutaji wa sigara, mwenye kisukari kisichotulizwa, mwenye ufizi unaotoka damu, hao wako katika hatari zaidi ya kuipoteza. Titani haiozi kama jino, ila ufizi na mfupa kuizunguka vinaweza kuugua, na ikilegea mfupani imekwisha. Kwangu mimi mfupa umekuwa mwembamba, kwa hiyo ingehitajika kwanza kuongeza mfupa, kungojea miezi, ndipo kupanda. Njia nyingine ni daraja, yaani kuchonga meno mazima ya pembeni na kuyavika kofia zinazobeba meno ya uwongo katikati. Hiyo nilikataa palepale. Meno yangu mazima hayakuanguka katika shimo lile, sioni kwa nini nayo yaadhibiwe.

Bei ya implanti moja, bila ya kuongeza mfupa, ilipita dola elfu moja. Niliandika tarakimu hiyo katika daftari langu la kazi, nikafunga daftari.

Kisha akanitajia njia ya katikati: kipande cha kutoa na kuweka, lakini chenye mifupa ya chuma badala ya rezini tupu. Ni chembamba, hakifuniki dari yote ya mdomo, hakivunjiki upesi. Wafaransa wanakiita stellite. Nikauliza ni chuma gani. "Kobalti na kromu," akasema, kisha naye akanyamaza, kwa sababu wote wawili tulijua nimetoka wapi. Mmarekani Elwood Haynes aliandikisha mchanganyiko huo mwaka 1907, na baadaye wafundi wa meno waliuchukua. Kobalti! Shituru imeitoa miaka mingi, malori yanapita nayo usiku na mchana kwenye barabara ya taifa namba 1, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yote inachimbwa katika nchi hii, hasa kwetu Katanga na Lualaba. Inatoka kwetu kwa tani. Inarudi kwa gramu, imekuwa tabasamu ya dola mia kadhaa. Sisemi kwamba jiwe la Shituru linafaa kuwekwa mdomoni. Lakini nilipokuwa katika basi la kurudi, nikahesabu malori yanayokuja upande wa pili, na nilipofika Likasi nilikuwa nimepoteza hesabu.

Kuna jambo moja la mwisho aliloniambia ambalo linawahusu wanaosafiri. Nimeonana na mfanyabiashara wa hapa aliyepandiwa implanti mbali, ng'ambo. Mwaka uliofuata jino la juu likalegea. Implanti zina aina nyingi, na kila aina ina ufunguo na vipuri vyake. Yeye hakuwa na karatasi hata moja inayosema yake ni ya aina gani, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Kwa hiyo popote utakapopandiwa, dai karatasi yenye jina la kiwanda na vipimo, uitunze pamoja na kadi ya uchaguzi.

Mimi nimeamua hivi. Cha kobalti nimekichukua, ndicho mnachokisikia hewani sasa, na nimekilipa kwa awamu nne. Lufira imerudi kuwa Lufira. Lakini kinalala juu ya ufizi kama mwenzake, na mfupa chini yake hauna subira, kwa hiyo implanti sijaiacha. Munganga anasema kwa pengo langu pengine moja ingeweza kubeba meno yote mawili, kama mfupa utatosha, na jibu litatoka kwenye picha mpya ya mwezi wa sita. Wenzangu sita wa radio na mimi tumeanzisha likelemba. Zamu yangu ni ya tano, na mwezi huu tumefika ya tatu.