Mama Anauliza Kama Nitafuga Nyoka

Sebule za Waswahili wa Hamburg nimezizoea kiasi kwamba naweza kukuelezea moja kabla mlango haujafunguliwa. Kochi la kijivu lililonunuliwa kwa mtu aliyekuwa anahama, televisheni kubwa, ukuta mweupe usio na hata msumari, na chumbani, juu ya kabati, masanduku yamejaa nguo na vyombo vya kupeleka nyumbani. Muulize mwenyeji mbona hajatundika hata picha. "Ah, hapa tunapita tu," atakwambia. Anapita tangu watoto hawajazaliwa, na sasa mkubwa anatafuta chuo.

Si kwamba fedha ya mapambo haipo. Imekwenda Tanga, Mombasa au Kigamboni, kwenye nyumba yenye vigae vinavyong'aa, dari ya jipsamu yenye taa za rangi, mapazia mazito na makochi ambayo hayajavuliwa nailoni. Mwenyewe hulala humo wiki chache za likizo, na kuna mwaka nauli inashindikana hata hizo hazipati. Anayeijua nyumba hiyo mchana na usiku ni mlinzi. Tumepamba tusikoishi, na tunaishi tusikopamba.

Mimi niliamua kupamba ninapoishi, nikaanza na mimea. Mama yangu aliyaona madirisha yangu kwa simu ya video akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwanangu, majani yote hayo ndani, wataka kufuga nyoka?" Nikamjibu, "Mama, huku nyoka wa kuingia ndani hakuna, na mbu wenyewe baridi imewashinda." Hakuridhika.

Na hakuwa anatania. Kwetu Tanga uwanja hufagiliwa mpaka ukabaki mchanga mtupu, kwa sababu kichaka karibu na mlango ni kukaribisha nyoka na mbu. Maua yapo tele, ila mahali pake ni nje: mrehani, asmini, mwaridi na mshubiri wa dawa, kwenye makopo ya rangi na ndoo zilizopasuka, yamepangwa kibarazani. Ndani tunaweka maua ya plastiki juu ya kabati la vyombo vya wageni, na vumbi likizidi yanaoshwa kwa sabuni na kuanikwa. Wapo wanaoyacheka, lakini mimi naona wazee wetu walikuwa na hesabu zao. Mlango ukiwa wazi kutwa, upepo wa bahari, harufu ya asmini na jirani mwenye maneno vyote vinaingia bila kualikwa. Ya nini tena kuhangaika kuyaleta ya nje ndani?

Hamburg mlango haushindi wazi. Mwezi Desemba jua linachomoza karibu saa mbili unusu asubuhi na saa kumi jioni limeshazama, tena siku nyingi huoni jua lenyewe, unaona mawingu tu. Sisi tuliozaliwa penye saa 12 za mchana mwaka mzima mwili haulielewi jambo hili. Madirisha yanafungwa kwa miezi, na vyuma vya kupasha joto vilivyo chini yake vinakausha hewa mpaka midomo inapasuka. Ukipita barabarani jioni unaona kila dirisha la Mjerumani lina mstari wa vyungu. Zamani niliona ni urembo tu wa wenye nafasi. Sasa najua ni watu wanaojitafutia kijani cha kutazama mpaka Aprili.

Na kijani chenyewe kwa kiasi fulani ni chetu. Karibu kila duka la maua hapa, hata dukani ninaponunua maziwa, pana chungu kidogo chenye majani ya mviringo yaliyoota manyoya laini na maua ya zambarau yenye kitone cha njano katikati. Wajerumani wanaliita ua hili Usambaraveilchen, na Usambara hiyo ni ile ile ya Lushoto na Amani. Mwishoni mwa karne ya 19 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa utawala wa Kijerumani huko, alimpelekea baba yake mmea huu Ujerumani. Ukafika mikononi mwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akauandika kitaalamu na kuupa jina la ukoo wa Saint Paul: Saintpaulia. Mwaka 2015 wataalamu wakaupanga upya ndani ya jenasi ya Streptocarpus, lakini wauza maua hawana habari. Huku unazalishwa kwa wingi na kuuzwa kwa bei ya kikombe cha kahawa. Kule, ndugu zake wa mwituni wanakaa kwenye miamba yenye kivuli, karibu na maji, ndani ya misitu inayozidi kupungua, na aina kadhaa ziko hatarini kutoweka.

Ukijua lilikotoka, kulitunza si kazi. Ni ua la kivuli na ukungu, kwa hiyo jua kali la adhuhuri wakati wa kiangazi linaliunguza, na dirisha la mashariki ndilo linalolifaa. Usilimwagie maji baridi ya bomba juu ya majani, yatafanya madoa. Mimina maji yaliyokwisha kupata uvuguvugu wa chumbani kwenye kisahani chake, liache linywe, kisha yaliyobaki uyamwage. Kata jani moja pamoja na kikonyo chake, lichomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, na baada ya wiki kadhaa vichipukizi vinatokeza chini yake. Nusu ya wanawake wa chama chetu cha kufa na kuzikana wana ua lililotoka kwenye jani langu, nami nimeacha kuwapelekea mikate wanaponialika.

Kuna na Zamioculcas, ule wenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi. Unauona kwenye mabenki, kwa madaktari wa meno, kwenye ofisi za kupangia nyumba. Huo nao kwao ni Afrika Mashariki, kuanzia Kenya, Tanzania na Zanzibar kushuka hadi Afrika Kusini, ila duniani ulienea baada ya Waholanzi kuanza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990. Chini ya udongo una viazi vinavyohifadhi maji, kwa hiyo ukisafiri mwezi mzima hauna kinyongo. Kinachouua ni mapenzi ya kupita kiasi, yaani maji kila siku. Utomvu wake unawasha, basi mwenye mtoto anayetambaa auweke juu.

Mtu atasema si angebeba tu kipande kutoka nyumbani, mwenyewe, cha uani kwao? Habebi. Tangu Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unataka cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila mmea hai unaoletwa na msafiri. Yaliyosamehewa ni matunda machache: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Kwa hiyo nazi unaruhusiwa, tawi la asmini huruhusiwi, nasi wa Tanga inabidi tuinunue Usambara kutoka kwa Waholanzi. Nimeshazoea.

Jikoni ndiko ninakokaa zaidi, na huko mimea inapaswa kufanya kazi. Mrehani wa dukani hufa ndani ya wiki kwa sababu chungu kimoja kimesongwa miche mingi mno. Ukifika nyumbani igawe katika vyungu vitatu au vinne, nayo itakaa mpaka vuli. Mchaichai hununuliwa kwa Wavietinamu. Chagua mashina ambayo kitako chake hakijakatwa sana, yasimamishe kwenye glasi ya maji, na mizizi ikitokea uyapande. Chai ya jioni inapochemka na jani la dirishani, vioo vinashika mvuke na nyumba nzima inanukia. Hapo ndipo binti yangu, ambaye Kiswahili chake ni cha kukokota, huja jikoni bila kuitwa.

Kuhusu vitu vya ukutani nina ugomvi na baadhi ya wenzangu. Upande mmoja kuna hao wa kuta tupu. Upande wa pili kuna wanaofanya sebule iwe duka la uwanja wa ndege: twiga wa mbao, mkuki wa Mmasai, mchoro wa machweo. Mtu kazaliwa Chumbageni, kwao hapajawahi kuwa na mkuki, leo anao wawili Ujerumani ili mgeni ajue katoka Afrika. Mimi nimetundika kanga ya marehemu bibi, iliyofifia, ndani ya fremu. Chini ya meza kuna mkeka wa ukindu alioshona shangazi. Watoto wanafanyia kazi za shule juu yake, na ukichakaa nitaagiza mwingine. Udi nafukiza pia, ila kwa tahadhari. Hapa sheria inataka kila nyumba iwe na king'ora cha moshi, na kile cha kwetu hakijui tofauti ya udi na moto. Chetezo kinakaa jikoni, dirisha wazi, kipande kidogo.

Rangi ya kuta uko huru kupaka uitakayo ukiwa ndani, ila ukihama uirudishe kwenye rangi tulivu, la sivyo utalipishwa. Kwa hiyo nimeachana na rangi nikashughulika na mwanga, na ningekuwa na fedha ya jambo moja tu ningeimalizia huko. Sisi tumezoea taa moja nyeupe katikati ya dari, inayomulika kila mtu kama yuko kituo cha polisi. Izime. Weka taa ndogo mbili tatu za chini, zenye mwanga wa njano, kwenye boksi zimeandikwa 2700 K, moja nyuma ya mmea mkubwa ili vivuli vya majani vipande ukutani. Gharama ni ndogo, na jioni ya Januari inakuwa jambo jingine.

Faida moja sikuitarajia. Mimea haikubali kuachwa, na likizo inapofika lazima mtu aimwagilie. Wajerumani wana desturi hiyo, ya kuachiana ufunguo kwa ajili ya maua, nami nikagonga mlango wa bibi wa ghorofa ya pili ambaye kwa miaka tulikuwa tunasalimiana kwa kichwa tu. Sasa ana ufunguo wetu, nami nina wake. Amekwisha kunikemea kwamba vyungu vyangu ni vidogo, akavibadilisha vyote nikiwa Tanga.

Na Tanga kwenyewe? Baba watoto alipinga miezi mingi, lakini nyumba yetu tumeipangisha. Mwalimu na familia yake wamehamia, makochi yamevuliwa nailoni, na kibarazani, dada yangu ananitumia picha, pana makopo ya mrehani. Tukienda tunafikia kwa huyo dada. Shemeji zangu wananung'unika kwamba nimempa mgeni nyumba ya ukoo, lakini hakuna aliyekuwa akiifungua hata madirisha. Juzi mwalimu ameniandikia kuuliza kama anaweza kupanda mlangilangi karibu na chumba cha mbele, ili harufu iingie usiku. Nimemwambia apande, ila auweke mbali na karo.